Mama Dina Hakujibu

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.

Naandika shajara hii kwa sababu nina hofu ya kushindwa na sina wa kumwambia. Mama ataanza kuniombea kwa sauti. Wakili Jepkorir atanitazama juu ya miwani. Kwa hiyo karatasi.

Nimefika ofisini kabla ya karani, kama ilivyo desturi yangu. Nimefungua madirisha, nimepanga majalada ya mahakamani, nimechemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeniagiza. Mwanagenzi wa uwakili hana cheo. Ana bidii tu, na bidii isiyoonekana haihesabiki.

Adhuhuri Wakili ameniita na kunikabidhi jalada jipya. La kwanza kuwa langu. "Andaa kila kitu, mimi nitatia sahihi," amesema. "Na usinitie aibu Bungoma."

Mteja ni Bwana Wanjala, mwenye duka la mbegu na mbolea hapa mjini. Mamaye, Mama Dina, ni mjane anayeishi peke yake nje kidogo ya Kimilili. Alipatwa na kiharusi mwaka jana. Mwanawe anaiomba Mahakama Kuu ya Bungoma imteue kuwa mlezi wake wa kisheria: aamue ataishi wapi, atatibiwaje, shamba lake litalimwa na nani. Akipewa amri hiyo, atamhamishia Kitale.

Nimesoma sheria mchana kutwa. Kila mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe kwamba hawezi. Wa kuthibitisha ni sisi. Sentensi safi. Nimeinakili kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani juu ya meza yangu, mahali ambapo Wakili ataiona akipita.

Uanagenzi wangu unaisha Juni. Ofisi ina nafasi moja. Naitaka.

Alhamisi, 6 Machi. Kimilili na kurudi.

Bwana Wanjala amenipeleka kwa gari lake. Nilitarajia mwana anayelimezea mate shamba la mamaye. Sivyo. Njia nzima alizungumza juu ya siku aliyomkuta Mama Dina ameanguka zizini, samadi imemkaukia shavuni, ng'ombe amesimama juu yake. "Dada, nililia kama mtoto," alisema. Sikujua pa kutazama. Nikatazama mashamba. Yamelimwa, yanangoja mvua.

Mama Dina alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni. Mwembamba. Mkono wa kulia umelegea. Alinishika kwa ule mzima na hakuniachia. Kiswahili kilimtoka alipopatwa na kiharusi. Kimebaki Kibukusu, nacho hutoka polepole. Mimi ni Mbukusu kwa jina na kwa babu. Nyumbani kwetu mjini tulilelewa kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilimsalimu, "Mulembe." Baada ya hapo nikaishiwa.

Alinitazama machoni, akasema sentensi ndefu. Nikamgeukia Bwana Wanjala. "Ah, maneno tu ya wazee," akasema.

Hapo ndipo nilipoona hatari ya kisheria, na nakiri kwamba nilijisifu moyoni. Mwombaji hawezi kuwa mkalimani wa mtu anayeombewa amri. Upande wa pili ungetushambulia hapo. Jaji angetushambulia hapo. Nikauliza: ni nani anayejua Kibukusu na Kiingereza vizuri, anayeheshimika, na ambaye hatarithi chochote?

Bwana Wanjala akamtaja Mchungaji Elijah, mwalimu mstaafu, mume wa dadake Nasike. Kisha akajikuna shingo. "Lakini huyo ni mkwe wake. Sijui kama... Ah. Ameokoka yule. Atakubali."

Nikasema vizuri zaidi. Mkwe hana fungu katika shamba.

Wazo hilo limenifurahisha mpaka Kitale.

Kitu kingine. Mama Dina alimpa jirani ndama wakati wa Krismasi bila kumwuliza mtu. Bwana Wanjala anataka jambo hilo liingie kwenye hati ya kiapo. Nimeliingiza: *hawezi tena kulinda mali yake.*

Jumanne, 11 Machi. Bungoma.

Uchunguzi umefanyika, katika kliniki ya binafsi. Daktari ni mgeni wa sehemu hizi, kijana, mwungwana, mwenye foleni ndefu mlangoni. Chumba kidogo: meza, kitanda cha kupimia, viti vitatu. Daktari aliuliza kwa Kiingereza, Mchungaji Elijah akatafsiri. Mimi nilisimama kando nikinukuu.

Mama Dina hakujibu swali hata moja.

Mchungaji alipoingia tu, alivuta leso kutoka mabegani akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Akageuka. Akabaki akiutazama ukuta. Una watoto wangapi? Kimya. Huu ni mwezi gani? Kimya. Nani hukuogesha, nani hukusaidia kwenda msalani? Hapo alikunja mabega, akajishika magoti, akawa mdogo kama kifurushi. Mchungaji alikuwa anatokwa jasho. Alikivuta kiti chake karibu na mlango na kusema na viatu vyake. Nilidhani ni huzuni.

Daktari akaandika: haitikii, haonyeshi dalili ya kuelewa, hawezi kufanya uamuzi. Kazi ikaisha upesi.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi. Ripoti haina mwanya.

Ila hili. Bwana Wanjala alipokwenda kuleta gari na Mchungaji alipotangulia nje, Mama Dina alifunua uso akamwambia jambo mfagiaji aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Mwanamke yule akacheka kwa nguvu, akamletea maji kwa kikombe, wakaendelea kuongea. Nilimwuliza Bwana Wanjala baadaye. Akasema, "Ana vipindi. Saa hii yuko, saa ile hayuko."

Labda. Sijui kwa nini nimeliandika.

Ijumaa, 14 Machi. Kitale.

Ombi limewasilishwa. Wakili Jepkorir amesoma hati zangu zote akiwa amesimama, jambo ambalo huwa halifanyi. "Mkalimani asiye na maslahi. Hilo ulilifikiria mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Kazi safi." Halafu, akiwa mlangoni: "Tutazungumza juu ya Juni."

Tarehe ya kusikizwa: 10 Aprili.

Kazi safi. Nimeyaandika maneno hayo mara mbili. Sitayafuta.

Jumamosi, 22 Machi. Kitale. Nyumbani.

Siwezi kutulia. Niandike kwa mpangilio.

Kevin alikuja leo na wazee wake wawili kupanga siku ya harusi. Kevin ni mchumba wa dadangu Naliaka. Mwaka jana alikuwa akila mezani petu kila Jumapili na Mama akimtania kuhusu kitambi. Kisha posa ikapokelewa. Leo honi iliposikika langoni, Mama alichukua sahani yake akatokea mlango wa nyuma kama mwizi. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwenye simu ya kisasa kuliko yangu.

Akakaa jikoni mchana mzima. Mazungumzo yakapitia ukutani.

"Mwambieni huyo kijana aongeze nyama!" Mama akapaza sauti. "Ati anakonda na harusi bado?"

Kevin, macho kwenye zulia: "Mwambieni nimeshiba, asante."

"Mwambieni aliyeshiba haachi mfupa na nyama yake!"

Shangazi akacheka hadi akajipiga paja. "Bana, hawa wawili wakikutana njia ya sokoni, lazima mmoja aingie kwenye mahindi."

Nilicheka pia. Nilipeleka vyombo jikoni nikiwa bado nacheka. Nikamwambia, "Mama, si wewe umeokoka?"

"Nimeokoka," akasema. "Sijakosa adabu."

Mlango wa sebuleni ukafunguka kidogo, mmoja wa wazee akitafuta maji ya kunawa, Kevin akionekana nyuma yake. Mama akavuta leso. Akajifunika mpaka kwenye nyusi. Akageukia ukuta.

Niliweka sinia chini.

Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaulizani habari za mwili. Nilijua. Ni nani asiyejua? Babangu alizungumza na nyanya kupitia dirishani miaka yote, na sisi watoto tuliona ni mchezo. Nilijua kama mtu anavyojua harufu ya nyumba yao: hujui kwamba unaijua. Nami nikamchukua mkwe wa Mama Dina, nikamketisha naye katika chumba cha viti vitatu, nikamfanya amwulize mbele ya wageni ni nani humpeleka msalani.

Halafu tukaandika kwamba haelewi.

Jumapili, 23 Machi.

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilijijengea hoja zifuatazo. Kwamba daktari ni mtaalamu, mimi si daktari. Kwamba kiharusi kipo, hakuna anayekikana. Kwamba pengine hata kwa mkalimani mwingine angenyamaza. Kwamba Bwana Wanjala anampenda na Kitale kuna hospitali.

Kila hoja inasimama vizuri. Zote kwa pamoja zinanuka.

Natamani Kevin asingekuja.

Jumanne, 25 Machi.

Jana nilikwenda mara mbili hadi mlangoni pa Wakili na kurudi. Leo nimempigia Mchungaji Elijah badala yake, kwa kisingizio cha kuthibitisha jina lake la kati.

Akanitajia jina hilo. Kisha akasema: "Binti, unataka kuniuliza kuhusu ile siku."

Nikasema ndiyo.

"Nilijua alipovuta leso tu. Lakini mimi nahubiri kila Jumapili kwamba mila hizi zimekufa msalabani. Ningesema nini mbele ya Wanjala? Ati naogopa mkwe?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Sijalala vizuri. Nasike hanipikii. Yaani, ananipikia, lakini anaweka sahani kama anapiga mhuri."

Nikamwuliza kama angeweza kusema hayo mahakamani. Akasema ataomba juu yake. Nikasema nitafurahi akimaliza kuomba kabla ya tarehe kumi. Sikukusudia ukali. Sauti ilitoka hivyo.

Jumatano, 26 Machi.

Naogopa. Niandike naogopa nini hasa, kwa kuwa hofu isiyo na jina ni mbaya zaidi.

Nikisema: mteja ataondoka, Wakili ataaibika, nafasi ya Juni itakwenda kwa mwanagenzi mwingine, na nitajulikana hadi Bungoma kama msichana aliyeangusha kesi ya ofisi yake.

Nikinyamaza: Mama Dina ataingizwa kwenye gari, atatolewa kwake, na tangu siku hiyo neno lake halitakuwa neno. Akisema sitaki, itakuwa dalili ya ugonjwa. Akilia, dalili. Akinyamaza, dalili.

Ile karatasi ya wino mwekundu bado iko ukutani. Nimeibandua. Nimeirudisha.

Jumamosi, 29 Machi. Kimilili.

Nimekwenda bila ruhusa ya Wakili. Nimekwenda na Mama ili atafsiri. Nilimwapisha kutosema lolote kwa mtu yeyote, hata kwa Shangazi. Hasa kwa Shangazi.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Mama Dina alikuwa pale pale nje ya jikoni. Mama alipiga magoti kidogo kumsalimu, akamwita Mayi, yaani mama, wakaulizana koo na vijiji mpaka wakapata shangazi mmoja wanayemjua wote. Nikangoja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba uchunguzi umeanza, na kwamba sisi ndio tuliokuwa tukichunguzwa.

Alizungumza. Polepole, mdomo ukienda upande, akisubiri neno lifike. Lilifika.

Amezaa saba. Wawili wamelala pale, akaonyesha kwa kidole nyuma ya migomba. Ng'ombe anaitwa Malaika na ana tabia mbaya. Ndama alimpa Agnetta, jirani, kwa sababu Agnetta ndiye aliyemwosha samadi siku ile aliyoanguka. Na si zawadi tu. Walipatana: kila asubuhi Agnetta hutazama kama moshi unatoka jikoni kwake. Usipotoka, anavuka ua.

Nilikuwa nimeandika kwamba hawezi kulinda mali yake.

Nikamwomba Mama amwulize kuhusu Kitale. Mama Dina akamtazama Mama, si mimi, kama mtu anayejibu swali la mtoto kupitia mzazi. Akasema Wanjala ni mtoto mzuri, ana hofu kama marehemu babake. Lakini yeye atalalaje chini ya paa moja na mwanawe na mkewe, mila ikikataza? Wamjengee basi kibanda uani, kama kuku? Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, nimechelewa, baada ya kutafsiriwa.

Lazima niandike na mengine, la sivyo nitakuwa nimerudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Hakujua mwezi. Alimwuliza Mama mara tatu kama mumewe amerudi kutoka mnadani, na mumewe amekufa siku nyingi. Mara ya tatu Mama alisema bado, naye akaridhika. Nilimwuliza kuhusu dawa zake za shinikizo la damu. Akasema hunywa anapokumbuka, na hakumbuki.

Anajua anachotaka. Hajui leo ni lini. Sheria itafanya nini na mtu wa namna hiyo? Chuoni kila mfano ulikuwa mtu anayeweza au mtu asiyeweza. Hakuna aliyetuletea Mama Dina.

Tulipoaga alinishika tena mkono, akasema jambo. Mama akatafsiri: "Anauliza kama wewe ndiye yule wa vidole baridi aliyekuja na Wanjala. Anasema siku ile alikuomba umtafutie mwanamke wa kusema naye."

Ile sentensi ndefu. Maneno tu ya wazee.

Jumanne, 1 Aprili. Kitale.

Nimemwambia Wakili Jepkorir. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwa vichwa na vifungu. Nilipofungua mdomo nikasema tu, "Nilikosea mkalimani."

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Hilo ndilo lililonitisha. Yeye si Mbukusu, ni Msabaoti wa Endebess. Nilidhani itanibidi nimfafanulie. Haikunibidi. Akauliza jambo moja: "Ulikwenda kwake bila kuniambia?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akakandamiza macho kwa vidole.

"Kumleta mkwe ni kosa la kutojua," akasema. "Kwenda nyuma ya mgongo wangu ni kosa la kujua. Hilo la pili ndilo linaloniudhi."

Sikujitetea. Ningejitetea kwa lipi?

Akanituma nimwambie karani amwite Bwana Wanjala aje kesho.

Juni. Hakuna aliyeitaja Juni.

Jumatano, 2 Aprili.

Bwana Wanjala alisikiliza akiwa amesimama. Wakili alimweleza kwamba ripoti ile haiwezi kutumika, na kwamba mahakama lazima iambiwe sababu. Alikuwa huru kutafuta ofisi nyingine.

Hakumjibu Wakili. Alinigeukia mimi.

"Dada, wewe nilikubeba kwa gari langu. Nilikuambia vile nililia. Sasa mama yangu akianguka tena, ni wewe utamwinua?"

Alitoka bila kufunga mlango, na karani akajifanya anatafuta kalamu.

Jambo baya zaidi: si mwongo. Anaogopa kweli. Ningekuwa yeye ningetaka ile amri kama anavyoitaka.

Jumapili, 6 Aprili.

Mchungaji Elijah amepiga simu baada ya ibada. Amemaliza kuomba. Atatia sahihi hati ya kiapo, kila kitu, hata kuhusu viatu. "Nilihubiri leo juu ya Ruthu na mkwewe," akasema. "Watu walinitazama sana."

Bwana Wanjala hajabadilisha ofisi. Hajapiga simu pia.

Sijala vizuri tangu Ijumaa.

Alhamisi, 10 Aprili. Bungoma.

Mvua asubuhi yote. Nilifika mahakamani mapema nikiwa nimelowa pindo. Nilikuwa nimejitayarisha kusimama na kukiri, nikiulizwa. Usiku nilikuwa nimeikariri sentensi.

Jaji ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Wakili Jepkorir alisimama akaeleza yote: ripoti inaondolewa, mkalimani alikuwa mkwe wa Mama Dina, kwa mila yao asingeweza kujibu, na kimya chake kilisomwa kama kutoelewa. Jaji akapitia hati ya Mchungaji. Akainua uso.

"Ni nani aliyemchagua mkalimani huyu?"

Nikaanza kuinuka.

"Ofisi yangu, Mheshimiwa," akasema Wakili, bila kugeuka, mkono wake wa kushoto ukinionyesha kiti. Nikakaa.

"Na Mama Dina mwenyewe yuko wapi?"

Hakuwepo. Tangu mwanzo hakuna aliyefikiri kwamba anapaswa kuwepo. Hata mimi, niliyefikiria kila kitu. Bwana Wanjala alikuwa ameketi nyuma peke yake, kofia mapajani. Akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, mama hapendi mji. Na mimi nilitaka tu asianguke."

Jaji akamtazama. "Nimekusikia," akasema. "Sasa nataka kumsikia yeye."

Akaamuru: uchunguzi mpya kwa daktari mwingine, mkalimani mwanamke kutoka mahakamani asiye jamaa, na yeye mwenyewe atakwenda Kimilili Jumatano ijayo kabla ya kuamua lolote. Mpaka hapo Mama Dina asihamishwe. Pia alisema jambo ambalo nimelinukuu neno kwa neno: amri ya kumwamulia mtu kila kitu ni nguo kubwa mno kwa mtu anayesahau dawa. Huenda msaada ukahitajika hapa na pale tu. Ataona.

Nje, chini ya paa la baraza, nilimshukuru Wakili. Alikuwa akipambana na mwavuli. "Sikukufanyia wewe hisani," akasema. "Jalada lina jina la ofisi. Na Jumatano ijayo utakwenda wewe kumwandaa Mama Dina, nami nitakuwepo. Mara hii kwa ruhusa."

Kuhusu Juni sikuuliza.

Bwana Wanjala alipita karibu nasi kwenda kwenye gari lake. Alinipungia kofia. Hakusimama.

Ijumaa, 11 Aprili. Kitale.

Siku tulivu. Mvua imeshika. Kila mtu mjini ananunua mbegu. Nimepita dukani kwa Bwana Wanjala na foleni ilifika barabarani. Sikuingia.

Alasiri amepiga simu ofisini. Ameniita Wakili mdogo, sijui kwa utani au kwa hasira iliyopoa. Amemwambia mamaye kwamba jaji anakuja. Mama Dina ameuliza maswali mawili. La kwanza: huyo jaji hunywa chai ya maziwa au ya rangi? La pili: yule wa vidole baridi atakuwepo?

"Nimwambie nini?" akauliza.

Nikasema maziwa. Nikasema nitakuwepo.

Nikasikia watu wakimwita dukani. Kisha akasema amezungumza na Agnetta. Binti mkubwa wa Agnetta, aliyemaliza shule, atakuwa akilala kwa Mama Dina na kumpa dawa. Ni wazo la Mama Dina mwenyewe, alilitoa zamani, mwanawe hakulisikia. "Sijakubali bado," akaongeza haraka. "Nasikiza tu."

"Ni sawa, Bwana Wanjala."

"Na Jumatano mimi nitakaa wapi? Ndani ama nje?"

Nikamwambia atakaa atakapoambiwa na mamaye. Akacheka kidogo, kwa pua.

Siku hiyo Mchungaji Elijah atabaki Bungoma, mbali na mkwewe. Ametuma sukari.

Nimeandika kwenye kalenda ya ofisi, kwa wino wa kawaida: Jumatano, 16 Aprili, saa nne asubuhi, Kimilili, uani kwa Mama Dina.